Kibanda cha vitabu cha Ujiji, kile ambacho vitabu vimefungwa viwili viwili kwa kamba

Habari zenu wadau wa Kigoma, hasa nyie wazazi wenye watoto sekondari na yeyote anayependa kusoma. Kila siku naona watu wanauliza huku kwetu wapi mtu anaweza kupata vitabu vya Kiswahili vya zamani bila kuagiza Dar, nikasema leo niandike vizuri kuhusu hiki kibanda maana nimekuwa mteja pale karibu mwaka mzima sasa, na nina mengi ya kusema, mazuri na mengine sio mazuri.

Pa kupata kwanza. Ukitoka Mwanga panda gari la Ujiji, shuka sokoni, afu fuata njia kama unaenda makumbusho ya Livingstone, kabla hujafika mbali utaona kibanda cha mabati kimebanana na mama anayeuza mawese na dagaa. Hakina bango. Uliza tu kwa mzee wa reli, watoto watakupeleka. Wanamwita hivyo kwa sababu alifanya kazi reli miaka mingi, na vitabu vyake vya kwanza vilikuwa vile abiria walivyosahau kwenye mabehewa, mtu ametoka Dar anasoma njia nzima, akifika mwisho wa reli hapa Kigoma anashuka na mizigo yake kitabu kinabaki kwenye siti. Vingine alinunua Tabora treni ikisimama. Ndo ilivyoanza.

Kuazima ni jero kwa wiki mbili, unaacha dhamana buku tano ambayo unarudishiwa. Kununua inategemea, mimi nimenunua kwa elfu tatu na nimenunua kwa elfu kumi. Ila kitu ambacho sijakiona duka lingine lolote ni kwamba mzee hapangi vitabu kwa alfabeti wala kwa darasa. Anavifunga viwili viwili, mara chache vitatu, kwa kamba ya katani, na anavifunga kwa kuangalia nani alimsoma nani. Ukitaka kimoja unabeba na mwenzake. Unalipa kimoja unaondoka na viwili.

Siku ya kwanza nilienda kwa shida tu. Mimi ni fundi cherehani, binti yangu yuko kidato cha tatu, mwalimu kawapa kazi ya nyumbani waeleze tofauti ya shairi la kimapokeo na shairi la kisasa, na watoto wote wakakimbilia zile notsi za kudurufu zenye mistari mitano, la kimapokeo lina vina na mizani, yaani silabi zinazofanana na hesabu ya silabi kwenye mstari, la kisasa halina, basi imeisha. Binti akaniuliza, mama, kwa nini hawa wa kisasa waliacha, walishindwa? Sikuwa na jibu. Nikaenda pale nikitaka notsi za maana zaidi. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamweleza shida yangu. Notsi hakunipa. Akainuka, akavuta furushi moja, akapangusa vumbi kwa kiganja, akasema huyu wa juu ni wa mtaa huu, huyu wa chini ni wa Ukerewe, na hawa hawaachani.

Cha juu kilikuwa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri cha Sheikh Amri Abedi, cha mwaka 1954. Cha chini kilikuwa Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, cha 1974. Miaka 20 kamili katikati yao.

Sasa hapa naomba nikae kidogo maana hili jambo limenigusa sana kama mtu wa Kigoma. Jina la Sheikh Amri Abedi wengi wetu tunalijua kwa uwanja wa mpira wa Arusha. Waulize vijana wa Ujiji leo, watakwambia ni uwanja. Yaani mtu amezaliwa hapa hapa Ujiji mwaka 1924, akawa sheikh wa Ahmadiyya, akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, akawa Waziri wa Sheria, akafariki 1964 akiwa na miaka 40 tu, na katikati ya hayo yote akakaa chini akaandika kitabu cha kuwafundisha watu kutunga shairi, vina vikae wapi, mizani ihesabiwe vipi, beti likamilike vipi. Kanuni zenyewe hakuzitoa hewani, washairi wa pwani walikuwa wanazifuata kwa sikio tangu zamani, Muyaka wa Mombasa aliyefariki 1840 huko alikuwa anazifuata bila kitabu chochote. Amri alichofanya ni kuziandika zikae mahali pamoja ili hata mtu wa bara ambaye hakukulia kwenye baraza za washairi aweze kujifunza. Na moja ya mambo aliyoyashikilia ni kwamba shairi ni wimbo, lisiloimbika halina maana. Kwa hiyo kila mwalimu wa Kiswahili nchi hii anayesema mizani nane kwa nane, anatembea kwenye njia aliyoichora mtoto wa Ujiji. Mimi nimekaa mji huu maisha yangu yote sikuwahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote mpaka siku ile kwenye kibanda.

Afu unafungua Kichomi. Hakuna vina. Mistari mingine mifupi mingine mirefu, maneno ya kawaida kabisa tunayoongea kila siku. Mara ya kwanza nilihisi kama mtu ameanza kushona akaacha katikati. Nakala ya mzee imechakaa, kurasa zina rangi ya chai, na pembeni ya shairi moja kuna mtu zamani aliandika kwa penseli, herufi za kulala za kizamani, VINA VIKO WAPI? Chini yake mkono mwingine, mwandiko wa duara wa kishule, ukajibu, soma tena kwa sauti. Nikasoma kwa sauti. Nilikuwa peke yangu usiku, cherehani imefunikwa, binti kalala. Na kweli lina mwendo wake, sio wa kupiga makofi, ni kama mtu anayetembea anawaza, anasimama, anaendelea.

Nilivyorudi nikamuuliza mzee, sasa huyu Kezilahabi alikuwa anamdharau Amri? Akasema hapana, huwezi kubishana na mtu ambaye hujamsoma. Akanieleza kwamba ile miaka ya 70 kulikuwa na ugomvi mkubwa, wazee wa vina upande mmoja, akina Saadani Kandoro ambaye naye ni wa huku kwetu, na upande wa pili vijana wa Chuo Kikuu, Kezilahabi, Mulokozi, Kahigi, na kila upande ulikuwa unasema sisi ndio wenye asili. Hapo ndo nilipopata kitu cha kumpelekea binti. Vijana walikuwa wanasema, kabla ya vina vya pwani, makabila ya bara yalikuwa na nyimbo na ushairi wao usio na vina, na ule pia ni urithi. Nikamkumbuka bibi yangu Kasulu. Bibi akibembeleza mtoto kwa Kiha, mstari mmoja una pumzi ndefu mwingine mfupi, kina hakuna hata kimoja, lakini unaimbika na mtoto analala. Kwa hiyo bibi anampa Amri haki yake kwamba shairi ni wimbo, na hapo hapo anampa Kezilahabi haki yake kwamba wimbo sio lazima uwe na kina. Hawa watu walikuwa wanabishania babu wa kumrithi tu, na mababu wenyewe walikuwa wengi.

Na kuna jambo la Kezilahabi ambalo lilinifanya nimheshimu zaidi. Huyu aliyevunja kanuni za wazee, alipofanya shahada yake ya uzamili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1976, aliandika kuhusu nani? Shaaban Robert. Tasnifu nzima kuhusu riwaya za Shaaban Robert. Yaani alikaa na mzee wake ukurasa kwa ukurasa. Mimi nafundisha mabinti kushona, najua hili kwa mikono yangu, hakuna aliyekuja mezani kwangu akaanza na mshono wake mwenyewe, wote wanaanza kwa kukata kwa patani yangu, na yule anayekuja kuwa fundi kunizidi ni yule aliyekuwa anaiangalia patani mpaka akaona pale inapobana.

Binti aliandika ile kazi kurasa nne. Mwalimu alimwita akamuuliza umetoa wapi. Sitaki kuongea zaidi maana nitaonekana najisifia mtoto.

Furushi lililonitoa machozi ni jingine. Utendi wa Mwana Kupona umefungwa na Maisha Yangu ya Shaaban Robert. Mwana Kupona alitunga utenzi wake mwaka 1858, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa, anamwita binti yake asogee na wino na karatasi amwachie wosia. Kiswahili chake ni cha kaskazini huko Lamu na Pate, kigumu kwetu watu wa bara, mzee kaandika maana za maneno kwa penseli pembeni, bila hivyo nisingefika mbali. Halafu Shaaban Robert, karibu miaka tisini baadaye, mtu wa Tanga, mwanaume, anaandika utenzi kwa binti yake Mwanjaa kwa mtindo ule ule, anamwita akae aandike, ampe wosia. Ndani ya kitabu hicho hicho anasimulia kifo cha mke wake Amina. Ukivisoma vyote viwili usiku mmoja unaelewa kitu ambacho ukisoma kimoja peke yake hukioni, kwamba hapa baba anashika nafasi ya mama, na alipotafuta maneno ya kumwambia mtoto wa kike aliyakuta kwa mama mwingine aliyekufa zamani. Nilikaa na kitabu mapajani muda mrefu sana.

Binti yeye hakulia, alikasirika. Mwana Kupona anamwambia mwanae kuna watano wa kuwaridhisha, Mungu, Mtume, baba, mama na mume, na akaendelea sana upande wa mume. Binti akasema mama mimi sikubali. Nikamwambia nenda kamwambie mzee. Akaenda kweli, mzee hakumkemea hata kidogo, alimsikiliza mpaka mwisho, akampa Nguzo Mama ya Penina Muhando, ya 1982, ile tamthiliya ya wanawake wa kijiji cha Patata wanaohangaika kuisimamisha nguzo. Safari hiyo hakumdai hata jero. Na mimi naona ndo huduma ya kweli hiyo, mtoto amekataa kitabu, badala ya kuambiwa nyamaza anapewa kitabu cha mtu mwingine aliyewahi kuukataa mzigo ule ule.

Kwa wale wapenda upelelezi, msidhani pale ni mashairi tu. Kuna furushi la vitatu, na kamba yake imelegea kwa kuazimwa. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale kilichotoka 1960, na ukimjua Sherlock Holmes wa Waingereza utamtambua palepale, kiko mdomoni, rafiki yake Najum pembeni, tofauti ni kwamba huyu anavuta kiko chake Unguja na anaongea Kiswahili kitamu balaa. Halafu Willy Gamba wa Elvis Musiba, Kufa na Kupona, 1974, hapo kiko hakuna, kuna bastola na ndege na miji mikubwa. Halafu Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Na Mtobwa ni wa kwetu jamani, mtoto wa Kasulu! Kaanza kule milimani kaishia kusomwa nchi nzima. Ukivisoma kwa mfuatano huo unaona kabisa mpelelezi wa Kiswahili anavyobadilika, Bwana Msa anafikiri amekaa, Willy anapigana, Joram anafanya vyote na bado ana huzuni fulani ndani yake.

Adili na Nduguze nayo iko, imefungwa na Alfu Lela Ulela maana hadithi yenyewe Shaaban Robert aliitoa mle. Mwanangu mdogo wa darasa la sita alisoma zote mbili akaja kunionyesha kwa kidole ona mama hapa kafuata, hapa kabadilisha. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla imefungwa na Shetani Msalabani ya Ngugi, nikauliza hawa wanahusiana nini, mmoja mshairi wa vina wa Mombasa mwingine mtu wa riwaya kutoka Limuru, mzee akasema wote walifungwa jela ya Kamiti huko Kenya kwa sababu ya siasa na wote waliandika humo ndani kwenye karatasi za chooni. Akanyamaza. Na mimi nikanyamaza.

Julius Caezar ya Shakespeare, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1963, ipo pia, hii sikukaa nayo sana, lugha nzito, ila nilipenda kuambiwa kwamba hata Shakespeare habari za Kaizari hakuzitunga, alizisoma kwa Plutarch, Mgiriki wa zamani, kwa tafsiri ya Kiingereza ya 1579. Kumbe na yeye alikuwa anaazima.

Sasa kasoro, maana nimesema nitasema ukweli wote.

Ile ya kubeba viwili viwili haimfai kila mtu. Jirani yangu alitaka Kusadikika ya Shaaban Robert peke yake, anasafiri na treni, hataki mzigo, mzee akakataa kufungua kamba, wakavutana mpaka jirani akaondoka mikono mitupu. Mimi naona hapo angelegeza. Mtu akisoma kimoja akakipenda atarudi kumtafuta mwenzake.

La pili, nakala nyingine zimechoka sana na hakuambii kabla. Niliazima kimoja cha Bwana Msa, nimefika pale anakusanya watu ataje muuaji, kurasa za mwisho hazipo, zimenyofoka. Jamani iliniuma. Nilirudi asubuhi yake na mapema sijafungua hata ofisi. Mzee aliomba radhi, akanikalisha kwenye kigoda akanisimulia mwisho wote kwa mdomo, vizuri tu, na jero yangu akanirudishia. Wiki iliyofuata nikakuta ameazima nakala ya mtu na kijana mmoja yuko pale ananakili zile kurasa kwa mkono kwenye karatasi za daftari, sasa zimeshonwa nyuma ya kitabu. Kushona nilishona mimi, kwa uzi wa jinzi, hazitoki tena. Ila bado nasema, kabla hujalipa fungua mwisho uhakikishe kurasa zipo.

La tatu, joto. Mchana yale mabati ni tanuri, na masika maji yanaingia upande wa kulia, vitabu vya rafu ya chini vimevimba. Hili linanitia wasiwasi kuliko yote. Kile kitabu cha Amri ni cha tangu kabla ya uhuru, sijui Ujiji nzima kuna nakala ngapi, na kimewekwa sehemu ambayo mvua moja kubwa inatosha kukimaliza. Tumeongea wateja wachache, tunachanga kununua bati mbili na turubai, anayetaka kuongeza chochote aache pale pale kwa mzee, anaandika kwenye daftari.

Mengine madogo, chenji hana, nenda na hela ndogo. Simu hapokei. Ikifika swala anafunga bila kusema anarudi saa ngapi, na Ijumaa ukifika baada ya saa sita mchana umekwenda bure. Nenda na mfuko wako.

Mimi kwa moyo mmoja nampa nne kati ya tano, hiyo moja nimebana kwa ajili ya maji na zile kurasa. Nikiulizwa kitu kimoja cha kuongeza, ni Peponi, ile tafsiri ya 2022 ya riwaya ya Gurnah, maana humo kuna msafara wa biashara kutoka pwani kuingia bara mpaka ng'ambo ya ziwa, na watu wa Ujiji ndo wa kwanza wanaopaswa kuisoma. Mzee amesema akiipata ataifunga na masimulizi ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa misafara ya zamani. Mwenye nakala asiyeihitaji ampelekee.

Na kwa wale walioniuliza wiki iliyopita kama Kichomi na kitabu cha Amri vipo, Kichomi nimekirudisha Jumamosi kwa hiyo kipo. Sheria za Amri mzee kakubali kukifungua kamba safari hii moja tu, kiko kwa mwalimu mmoja wa hapa Mwanga mpaka mwisho wa mwezi, na baada yake kuna watu wawili wameshaandikisha majina.